TAZARA, hatimaye

Jamani, nimepiga mstari mwingine kwenye ile orodha yangu ya mambo ya kufanya kabla sijafikisha miaka 40: kupanda treni ya TAZARA kutoka Dar hadi Mbeya. Wengi walinishangaa, mbona nisipande basi nifike mapema? Kufika mapema haikuwa shida yangu.

Tulipokatiza Hifadhi ya Nyerere, behewa zima lilihamia madirishani. Twiga, swala, na mtoto mmoja aliyeapa kaona simba (tukamwachia simba wake). Ila utamu wenyewe uko kati ya Mlimba na Makambako: handaki baada ya handaki, madaraja juu ya makorongo, treni inajikunja hadi aliye behewa la nyuma anakiona kichwa. Na haya yote yalijengwa kati ya 1970 na 1975! Mlimba kina mama walituletea ndizi na wali hadi dirishani, chenji nikarushiwa treni ikiwa imeshaanza kuondoka.

Tulichelewa, tena sana. Nikirudi kwenye orodha yangu: kuogelea nilishajifunza mwaka jana, hiyo imepita. Sasa imebaki Kilimanjaro, mita 5,895, na magoti yameanza kulalamika. Nani twende naye?