Nilivyosoma Italia bila mzungu wa kunidhamini

Hapa Malindi ukisema unataka kusoma Italia, kuanzia barazani Shela hadi ufukweni utapewa ushauri mmoja: "Mtafute Mwitaliano akudhamini." Nimesoma huko, nimehitimu, nimerudi, na hakuna Mwitaliano aliyetia mkono mfukoni kwa ajili yangu. Kilichonilipia ni ruzuku ya mkoa wa kule Italia, ambayo mgeni huomba kama mwenyeji: familia iwe na kipato kidogo, na masomo yasonge.

Kujisajili Universitaly, tovuti yao ya maombi ya vyuo, viza na tikiti, hayo kila mtu atakueleza. Cheti cha sekondari, KCSE, nacho hakina shida, maana wanataka miaka 12 ya shule na 8-4-4 inaitimiza. Kazi iko kwenye karatasi za kipato.

Baba ni mvuvi, mama anauza viazi karai. Hati ya mshahara waitoe wapi? Wakala mmoja alitaka tumlipe atughushie. Dawa ni hati ya kiapo, ya shilingi kidogo tu, mbele ya kamishna wa viapo. Kila aliyepita miaka 18 nyumbani anatajwa, kazi yake, na alichopata Januari hadi Desemba ya mwaka uliotajwa kwenye tangazo la mkoa, ambao huwa umeshapita. Baba alitaka tuandike sifuri, eti bahari haina mshahara. Nikakataa, kwa sababu sifuri huzua swali: mnakula nini? Tukaenda BMU, kamati ya wavuvi ya ufukweni, wanakopima samaki, tukajumlisha mauzo yake kwenye daftari, tukatoa mafuta ya injini, barafu na fungu la mabaharia. Kilichobaki ndicho kipato. Na msichukue mwezi mmoja mkauzidisha mara 12: kaskazi daftari linajaa, kusi kurasa ni nyeupe. Chifu akaongeza barua yake.

Nyumba huandikwa kwa mita za mraba, si kwa vyumba. Hapa watu hujitukuza wakahesabu ua na banda la kuku. Nyumba iliyo nje ya Italia hukadiriwa yuro 500 kwa kila mita, basi mita 60 ni yuro 30,000, na paa ni la makuti! Pima ndani ya kuta tu. Kama hamna nyumba wala shamba, liandikwe wazi kwamba hamna. Nafasi tupu hurudishwa. Ongeza salio la benki la tarehe 31 Desemba. Kisha tafsiri ya Kiitaliano na mhuri wa ubalozi wa Italia Nairobi. Weka elfu kadhaa na nauli ya basi.

Maombi ya ruzuku hufunguliwa katikati ya mwaka na mengi hufungwa Agosti au Septemba. Anayengoja afike kwanza hupoteza mwaka mzima. Fedha zenyewe huchelewa, kwa hiyo beba za kukufikisha hadi baridi iingie. Kibali cha kuishi huombwa posta ndani ya siku 8 za kazi tangu kufika. Mwaka wa kwanza uwe na krediti 20 za masomo uliyofaulu kufikia tarehe 10 Agosti, la sivyo nusu ya pili ya ruzuku huioni.

Sasa kujitolea, ambako wenzangu walikuita kufanya kazi bure. Mwanafunzi anaruhusiwa ajira ya saa 20 kwa wiki, na saa za kujitolea hazihesabiwi humo. Sheria yao inadai uandikwe kwenye rejesta na ukatiwe bima. Hulipwi, ila hurudishiwa gharama kama nauli. Shirika lisilokukatia bima, liache. Mimi nilichagua kusaidia watoto kazi za shule jioni. Kiitaliano cha kuuzia safari za baharini hakitoshi kumweleza mtoto namna ya kugawanya, na watoto hawamstahi mtu: ukikosea, wanakusahihisha huku wanacheka. Jumamosi moja ya Novemba kuna ukusanyaji wa chakula nchi nzima kwenye maduka makubwa. Nilianzia hapo nikaishia ghalani, kupanga mizigo kwa tarehe za kuisha.

Kila mahali dai barua yenye idadi ya saa na kazi uliyofanya, si "alikuwa kijana mzuri." Kwenye usaili wa kazi hapa nyumbani, alama zangu ziliulizwa kidogo, ghala ndilo lililochukua muda wote.

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu itaitambua shahada yako, lakini ondoka chuoni na matokeo na maelezo ya kila kozi, yote kwa Kiingereza na yenye mhuri. Ukiyaomba ukiwa Malindi, utaandika barua pepe hadi uchoke.