Boksi la sayansi la nini wakati choya ipo sokoni

Kuna mama kwenye grupu letu la wazazi aliuliza anunue wapi boksi la majaribio ya sayansi kwa mtoto wa miaka minne, akatajiwa bei mpaka mimi msomaji tu nikaishiwa nguvu. Jamani, kwa mtoto wa umri ule usijitese, nenda sokoni kachukue choya ya buku na limau mbili tatu, beking soda dukani kwa Mangi, umemaliza.

Choya nasema ile mikavu myekundu ya kutengenezea juisi. Chemsha, chuja, iache ipoe kabisa, halafu chukua kidogo uizimue na maji maana ikiwa nzito rangi haionekani vizuri. Gawa kwenye vikombe vitatu vinavyoonyesha, uviweke ndani ya beseni (utanishukuru kwa hilo beseni). Kimoja usikiguse, cha pili mtoto akamulie limau, cha tatu aweke nusu kijiko cha soda. Ila kabla hajaweka chochote muulize, we unadhani itakuwaje? Halafu nyamaza. Yaani nyamaza kweli, maana sisi watu wazima tuna kiherehere cha kuwahi kusema "subiri uone itakavyobadilika rangi", sasa mtoto atawaza nini tena. Wa kwangu alisema itakuwa uji. Haya, tukatazame kama itakuwa uji.

Cha limau kinazidi kung'aa wekundu, cha soda kinageuka zambarau, ukiongeza soda kinaelekea kwenye bluu au kijani flani hivi chafuchafu. Hapo sasa mpe limau akamulie kwenye kile cha soda, povu linapanda hadi linamwagika na wekundu unarudi!! Atataka kurudia mpaka limau ziishe, mwache arudie, kurudia ndo kujifunza kwenyewe. Kwa faida yako mzazi, rangi ya choya inaitwa anthosayanini na inabadilika kufuatana na asidi au besi, limau ni asidi, soda ni besi, zikikutana zinatoa kaboni dayoksaidi, gesi ileile ya kwenye soda za kunywa. Mtoto humwambii yote hayo, akishasema mwenyewe "cha limau chekundu, cha soda sio chekundu" inatosha kabisa.

Angalia usichukue beking poda, ile ishachanganywa na asidi ya unga tayari ndo maana inatoa povu hata kwa maji matupu, rangi haitageuka unavyotaka. Magadi ya makande nayo inafanya kazi ila ni kali kwa macho na vidole vya watoto, hiyo ushike wewe.

Choroko nayo naipenda kuliko maharage ambayo shuleni wanapenda kuyatumia, maharage yanachelewa na maji yakizidi yanaoza na kunuka, choroko ukiiloweka usiku kesho au keshokutwa unaona kamzizi kanachungulia. Weka tishu iliyolowa kuzunguka ndani ya glasi, choroko zibane kati ya tishu na kioo ili mtoto azione. Mizizi ikishashuka kidogo, ilaze glasi ubavu. Baada ya siku moja mbili ncha za mizizi zinakuwa zimepinda zinatafuta chini tena, na hapo ndo maswali yanaanza, imejuaje chini ni wapi, ina macho? Mwambie haina macho, ila ncha ya mzizi inahisi inavutwa na dunia, kama yeye akiruka anavyorudi chini.

Yai la kuelea kwenye chumvi kila mtu analijua, sirudii, ila chukua yai jipya. Lililokaa sana linaelea hata kwenye maji ya kawaida, utabaki unajielezaelezea.

Halafu mwambieni mapema hakuna kuonja vikombe vya majaribio, hata kama ni choya, ajue cha kujaribia hakinywewi. Ile iliyobaki kwenye sufuria ambayo haijaguswa, tieni sukari na tangawizi, wekeni kwenye friji mnywe jioni.