Busia wanasoma, Malaba wanajibu

Wiki iliyopita alfajiri, saa kumi na moja hivi, mama mmoja anayeuza maharage pale Sofia aliandika kwenye grupu letu la WhatsApp la wafanyabiashara wa Busia, huku Uganda mpakani na Kenya. Swali lake lilikuwa la kawaida kabisa, nina gunia tatu za maharage ya Nambale nataka kuvusha leo, nahitaji karatasi gani na inatolewa dirisha lipi. Grupu lina watu zaidi ya mia tatu. Mimi nikaona, nikasema moyoni wapo wanaovusha maharage kila siku watamjibu, mimi kazi yangu ni kibanda cha mobail mani na kurepea simu, nikaweka simu chini nikaoga.

Saa tatu akaja kibandani. Hakuja kutoa sente, alikuja nimwangalizie kama simu yake ina shida, alidhani meseji haikwenda. Nikamfungulia ile sehemu inayoonyesha nani amesoma, ikashuka orodha ndefu ya majina, tiki za bluu tupu, na yeye akawa anateremka nayo polepole kwa kidole, anasimama, anasema huyu tunauza naye meza moja, huyu ni mke wa shemeji yangu, huyu jana tu nimemkopesha kavera, mifuko ya plastiki ya kupakia. Wote wamesoma. Hakuna hata mmoja aliyeandika neno. Mchana mtu akatuma video ya maombi, watu kumi na mmoja wakaandika Amina.

Karatasi yenyewe ni kile cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kimewekwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ajili ya watu kama yeye, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, bidhaa zilizo kwenye orodha na zimelimwa huku kwetu, ukiwa nacho hulipi ushuru wa forodha. Kinajazwa pale pale mpakani. Yeye hakujua, akampa kijana mmoja elfu ishirini amfanyie mpango. Elfu ishirini kwa mtu wa gunia tatu si mchezo. Iliniuma sana, na imeniuma zaidi kwa sababu siku hiyo hiyo nilikuwa nasoma grupu lingine.

Shemeji yangu ni dereva wa trela, aliniingiza kwenye grupu la madereva wa Malaba, mji mwingine wa mpakani. Asubuhi ile ile dereva mmoja aliuliza foleni imefika wapi. Dakika nne hazijaisha ana majibu saba, mmoja katuma picha aliyopiga kutoka juu kwenye kebini unaona migongo ya matrela mpaka inapotelea, mwingine anasema sistimu ya forodha iko chini tangu saa nane usiku usijisumbue kuwasha injini lala, mwingine anamwambia kuna mama anapika chai nzuri nyuma ya hiyo petroli stesheni uliyosimama karibu nayo. Watu hawajuani! Mmoja wa Mombasa, mmoja wa Kigali, mmoja sijui wa wapi, wanajibiana kama watoto wa nyumba moja.

Sasa hii miji miwili ni ndugu. Kutoka Busia mpaka Malaba ni kama saa moja tu kwa gari. Zote ziko mpakani na Kenya, zote zina pacha wake wa jina lile lile upande wa pili, watu wake ni Wateso na wengine waliochanganyika na kuoana kutoka pande zote za mpaka, zote zina kituo kimoja cha forodha ambapo nchi mbili zinafanya kazi chini ya paa moja, hicho cha kwetu kilifunguliwa rasmi Februari 2018. Kwa hiyo nikaanza kujiuliza kwa nini sisi tuko hivi.

Wengi ukiwauliza wanasema bando. Lakini bando ni ghali kote. Ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kuingia WhatsApp na Facebook iliyoanza Julai 2018 ilitupiga sote, na ilipoondolewa 2021 ikaja asilimia 12 juu ya data, ikatupiga sote tena. Facebook ilipofungwa Uganda Januari 2021 watu wa huku na wa kule wote walifanya kitu kile kile, ukiwa karibu na mpaka unaweka laini ya Kenya unaendelea. Mtandao unashika vizuri pande zote. Lugha pia siyo, Kiswahili kinazungumzwa hapa sokoni tangu mimi mtoto.

Ila kwenye lugha nikasimama kidogo. Busia watu si mabubu. Niko kwenye grupu la chama, la kanisa, la ukoo wa mke wangu, la mtaa, na hayo yanaongea kweli kweli, akifa mtu utaona Kisamia kinavyomiminika, mchango unahesabiwa mpaka saa saba usiku. Tunaongea sana, ila kwenye vyumba vidogo ambavyo unajua kila mtu ni mtoto wa nani. Kwenye grupu kubwa la wote, lenye namba usizozijua, ndipo midomo inafungwa. Malaba dereva hana chumba kidogo pale, ukoo wake uko mbali kilomita mia kadhaa, anachobaki nacho ni hao wageni wenzake na Kiswahili.

Kitu kingine ni ardhi yenyewe, na hili nililifikiria nikiwa nimesimama darajani Malaba mwezi uliopita nilipokwenda kuchukua spea. Pale kuna mto. Mpaka ni Mto Malaba, na lori halina pa kupita isipokuwa langoni. Wapo wanaovuka maji kwa miguu, najua, lakini mzigo mkubwa wote unapita kwenye shingo moja ya chupa. Kwa hiyo habari ni moja kwa wote: lango liko vipi. Busia hakuna mto pale mjini, mpaka unapita katikati ya nyumba, unaweza kutoka nyuma ya duka la mtu uko Uganda ukaibukia uani kwa mtu mwingine uko Kenya. Njia za panya haziishi. Kila mtu ana yake, ana saa yake, ana mtu wake wa boda wa kumbebea. Nani ataandika hiyo mbele ya watu mia tatu na wengine huenda ni watu wa mamlaka ya mapato? Hata yule anayepita langoni na karatasi zake safi kabisa amezoea kunyamaza, maana ukionekana unajua sana mambo ya kuvusha watu wanaanza kukuuliza umejulia wapi.

Na bei ndiyo kabisa. Ukijua leo maharage yanachukuliwa kwa bei nzuri upande wa pili halafu ukaandika, kufikia saa nne wameshafika na magunia ishirini, bei imeanguka, umejikata mwenyewe. Dereva akisema foleni imefika mahali fulani hapotezi kitu, nafasi yake kwenye foleni iko pale pale. Tena kesho yeye ndiye atakuwa nyuma na huyu wa leo atakuwa mbele, kwa hiyo anajibu kwa sababu anajua zamu yake ya kuuliza inakuja. Mimi nikimlaumu jirani ya yule mama pale mezani lazima pia nikubali kwamba kuna siku kunyamaza kumemlipia ada ya mtoto.

Siku moja tu nimeona grupu letu limewaka moto, Machi 2021, Kenya ilipotangaza hainunui mahindi ya Uganda kwa sababu ya ile sumu ya kuvu. Malori ya mahindi yalisimama na mvua inataka kunyesha, na siku zile watu wasiowahi kuandika hata salamu walikuwa wanatuma voisi, nani amesikia nini, wizara imesema nini, nani ana turubai. Siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti, malori yakaanza kupita, kimya kikarudi. Kwa hiyo uwezo tunao. Siku ile hakukuwa na wa kumficha mwenzake kitu maana wote tulikuwa tumezuiliwa na kamba moja.

Malaba wao kamba hiyo wanaishi nayo. Grupu la shemeji lilianza 2020 wakati wa korona, abiria wamefungiwa mipaka lakini mizigo inaruhusiwa, madereva wote lazima wapimwe, foleni upande wa Kenya ikawa ya makumi ya kilomita, mtu analala kwenye kebini siku tatu nne, vijijini wanakimbiwa kama wao ndio ugonjwa. Shemeji anasema kuna usiku alikuwa na homa akaogopa kumwambia mtu, akaandika kwenye grupu, na mzee mmoja dereva mstaafu ambaye ndiye admini akamjibu saa tisa usiku, akakaa naye mpaka asubuhi kwa meseji tu. Januari 2022 madereva walipogoma kwa sababu ya dola 30 za kupimwa mpakani, mpaka petroli Uganda ikapita shilingi 10,000 kwa lita sehemu nyingine, tayari walikuwa wamezoeana.

Huyo mzee namfikiria sana. Kuna mtaalamu wa Denmark anaitwa Jakob Nielsen aliandika mwaka 2006 kwamba kwenye jamii nyingi za mtandaoni katika watu 100, 90 wanasoma tu, 9 wanachangia mara moja moja, na mmoja ndiye anayeandika karibu kila kitu. Nikiangalia Malaba naona ni hivyo hivyo, wengi hata kule wako kimya. Lakini mmoja wao ni yule mzee, anayemkaribisha kila mgeni kwa jina na hakuna swali analoliacha lilale. Yule mmoja wa kwetu sisi alikuwa mgombea wa uchaguzi. Grupu letu liliundwa wakati wa ule uchaguzi wa 2021 ulioitwa wa kisayansi, mikutano imekatazwa kwa ajili ya korona, kampeni zikahamia kwenye redio na simu, bwana akakusanya namba zetu sokoni akatuingiza. Aliuliza shida zetu tukaandika, tukaandika kweli, kurasa na kurasa. Kura zikaisha hakuandika tena, na wengine waliolalamika sana waliulizwa ana kwa ana kwa nini waliandika vile. Mtu akishafunzwa hivyo mara moja, umwambie nini?

Siwezi kuwa yule mzee, sina usiku wake. Lakini tangu siku ya yule mama nimeanza kuweka kitu kimoja kila asubuhi kabla sijafungua kibanda, sistimu ya forodha iko juu au chini, na shilingi ya Kenya leo wanabadilisha ngapi. Vitu ambavyo havimuumizi mtu akivijua. Siku tatu za kwanza kimya. Ya nne mtu mmoja akaweka dole gumba. Ile karatasi ya cheti nimeipiga picha nikaituma, nimeeleza kwa voisi inajazwaje, kwa Kiswahili halafu nikamwomba jirani arudie kwa Kisamia.

Jana mgeni mmoja wa vitunguu aliuliza dirisha ni lipi. Nilikuwa nina simu ya mteja imefunguliwa mezani, skrubu zimetapakaa, sikuweza kushika yangu. Nilipomaliza nikakuta voisi ya sekunde arobaini, sauti ya mama wa maharage, nyuma yake unasikia mtu anamwaga maharage kwenye debe, anamwelekeza dirisha, anamwambia asimpe mtu sente yoyote kwa hiyo karatasi. Mgeni akamshukuru, halafu akamuuliza na bei upande wa pili ikoje leo.

Hapo hakujibu, na mimi sikumuuliza.