Ukiwa huna hela ndo unauziwa ghali

Kuna hesabu nimekuwa nikiipiga kichwani muda mrefu na leo naiandika yote, maana naona kila tukigusa hili suala la matajiri na maskini tunaishia kwenye mishahara na magari na maghorofa ya Masaki, fulani ana mabilioni fulani hana hata mia, tunasikitika kidogo alafu tunahamia kwenye mpira. Hata takwimu za dunia ziko hivohivo, ripoti ya World Inequality ya mwaka 2022 ilisema asilimia 10 ya watu wa juu wameshika asilimia 76 ya mali zote na nusu nzima ya watu wa chini wanagawana asilimia 2, unasoma unashtuka, basi. Mi nataka tuongelee bei. Hapahapa Dar mwenye nacho na asiye nacho wanatumia maji yaleyale na umeme uleule na mchele uleule wa Kyela, na asiye nacho ndo anauziwa ghali zaidi.

Anza na maji. Unit moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Mwenye mita ya Dawasa, mamlaka ya maji ya Dar, ndani ya geti lake unit hiyo inamtoka elfu moja na mia kadhaa. Sasa chukua mpangaji wa Tandale au Buza ambaye nyumba yao haina bomba, dumu kwa jirani ni shilingi 100 siku maji yapo, kwahiyo unit ileile kwake ni 5,000, na siku analetewa na mtu wa mkokoteni kwa 400 hadi mlangoni imeshafika 20,000. Ni maji yaleyale ya mto Ruvu! Mnakumbuka Oktoba 2022 Ruvu ulipopungua mji mzima ukawekwa kwenye mgao, wenye visima na masimtank ya lita 5,000 walioga kama kawaida, huku kitaa madumu yakapanda bei wiki ileile na kina mama wanaamka saa tisa usiku kupanga foleni. Na hii haikutokea tu kwa bahati mbaya, Waingereza waliugawa huu mji makusudi, uzunguni Oysterbay, uhindini katikati ya mji, uswahilini Kariakoo na Ilala, na pale Mnazi Mmoja pakaachwa wazi ili watu wasichanganyike. Mabomba na barabara za maana vilianzia walikoishi wakubwa. Wakoloni wameondoka, ila ukitembea leo kutoka Masaki kuingia Msasani Bonde la Mpunga, ambapo ni mwendo wa mguu tu, mvua ikinyesha unaona kabisa mtaro uliishia wapi na maji yanaenda kukaa sebuleni kwa nani.

Umeme ndo unaniuma zaidi kwasababu pale kuna nia nzuri kabisa ya kumsaidia mtu wa chini. Kuna ile D1, daraja la bei la Tanesco kwa watumiaji wadogo, ukitumia unit zisizozidi 75 kwa mwezi unauziwa unit moja shilingi 100 kabla ya makodi, ukizoea kuzidi hapo unahamishiwa T1, daraja la kawaida, ambayo ni 292. Safi. Lakini fikiria nyumba zetu za uswahilini, vyumba sita au nane, korido katikati, choo uani, na LUKU moja ukutani, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Kila chumba kina taa mbili, feni, kijitivii na simu za kuchaji, kila familia peke yake haifikishi hata unit 30, ila ukijumlisha vyumba vyote nyumba imeshapita 75 mwezi haujafika katikati, basi wote wanahesabiwa ni watumiaji wakubwa na wananunua kwa 292. Wakati huohuo mtu ana kijumba chake cha pili Kigamboni, anaenda wikiendi tu kupunga upepo, mita yake peke yake, huyo anakula bei ya 100. Ruzuku iliyowekwa kwa ajili ya yule mama wa chumba kimoja imemruka imeenda kwa mtu mwenye nyumba mbili. Na hapo sijaongelea ugomvi wa kuchangia LUKU, nani ana friji nani hana, nani anapiga pasi usiku, watu wamenuniana miaka kwasababu ya buku mbili.

Sasa twende dukani kwa Mangi, simama pale pembeni saa moja jioni uangalie tu. Anakuja mtoto ametumwa na jero, "mafuta ya mia tano", Mangi anachota na kile kikopo chake anamimina kwenye kikombe alichokuja nacho. Anakuja mwingine, robo ya sukari. Mwingine nusu ya unga na kiberiti. Mwingine pampasi moja. Ndio, moja! Mtoto analala nayo usiku asubuhi anarudi kwenye nepi za kitambaa. Hiyo pampasi ya mojamoja ni mia tano au mia sita, na anayenunua pakti nzima supamaketi kila moja inamwangukia mia tatu na kitu. Mafuta nimejumlisha mwenyewe, vikopo vya mia tano mpaka vifike lita unakuta umetoa zaidi ya elfu moja na nusu juu ya bei ya lita nzima, na anayechukua dumu la lita 20 kwa jumla Kariakoo anapata chini kabisa ya hapo. Mkaa hivohivo, wa kopo na wa gunia. Simlaumu Mangi, na yeye ana kodi ya fremu na anakopesha nusu ya mtaa kwenye lile daftari lake, bila yeye watu wengi wangelala njaa. Nachosema ni kwamba kwa mwezi mzima, familia inayokula kwa vipimo inatoa hela nyingi zaidi kwa chakula kidogo zaidi, na hiyo tofauti ndo ingekuwa akiba yao.

Hapa huwa kuna mtu anasema maskini hana mipango, si akusanye anunue jumla. Jamani. Kipato chenyewe kinakuja kwa siku! Kibarua wa zege analipwa jioni, boda wa mkataba akishatoa hesabu ya bosi na mafuta anabaki na elfu sita saba, mama ntilie anaanza na mtaji anamaliza na mtaji. Utanunuaje gunia la mchele na elfu sita ambayo ina watu watano wanaisubiri nyumbani? Chumba chenyewe mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi na dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake, mtu anayelipwa kwa siku anatakiwa awe na hela ya miezi saba kwa mkupuo ndo aanze kulala ndani.

Ndo hapo kausha damu inaingia, yaani ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kuua. Kuna dada jirani yetu anakaanga maandazi na chapati barazani, mikono haitulii toka alfajiri, alichukua laki moja aongeze mtaji. Kwanza hakupewa laki, walikata fomu na sijui bima, ikamfikia tisini. Anatakiwa arudishe laki na thelathini ndani ya mwezi mmoja, kwa rejesho la kila siku. Saa nne vijana wa mikopo wanafika, wanakaa kwenye ndoo zake pale wanasubiri, wateja wanawaona, kila mtu anajua. Siku ile mvua ilipiga asubuhi nzima hakuuza akamuomba dada wa saluni amwazime, na yule wa saluni na yeye anadaiwa na kikundi kingine. Nilimuuliza kwanini asiache akasema "nikiacha wanabeba godoro, nikiendelea nalipa, bora nilipe". Sasa linganisha, Benki Kuu imeweka ukomo wa riba asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa mikopo midogo wenye leseni, na mtumishi mwenye mshahara akienda benki anapata kwa asilimia kumi na kitu kwa MWAKA, analipa taratibu miaka mitano sita, anajenga. Dada wa maandazi analipa zaidi ya 30 kwa mwezi. Na ile mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ya kina mama, vijana na wenye ulemavu, ambayo ndo ingemuokoa, ilisimamishwa mwaka 2023 na imekuja kurudi mwaka uliofuata, hicho kipindi katikati watu walienda wapi? Walienda kwa hawahawa wa ndoo.

Alafu tunakuja kwenye kodi. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021 ilikuwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa kila muamala, kelele zikapigwa wakapunguza asilimia 30 Septemba, baadae ikaendelea kushushwa. Watu wakaisahau. Ila iliyobaki na haiongelewi ni kodi ya jengo kwenye LUKU. Agosti 2021 ilianza kukatwa buku moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa, baadae ikawa 1,500. Nyumba ya kawaida maana yake ni karibu yoyote, kijumba cha tofali chenye bati lililotoboka kule Mbagala na nyumba ya vyumba vitano yenye swimming puli Mbezi Beach zote 1,500 mradi ni ya chini. Na anayeilipa kihalisia ni yule anayeingiza umeme, yaani mpangaji. Serikali ilisema mpangaji akamdai mwenye nyumba wake. Nani wa chumba kimoja atakayemfata mwenye nyumba kumdai 1,500 wakati mwezi ujao kodi yake inaisha na anaomba asogezewe wiki mbili?

Kwahiyo wakija na bajeti nyingine mi nitaangalia mambo machache tu. Kwanza mita ndogo kwa kila chumba kwenye nyumba za kupanga, au basi ile unit 75 ihesabiwe kwa kaya na isiwe kwa mita, viongozi wa serikali za mtaa wanajua vizuri tu nyumba ipi ina kaya ngapi. Pili vioski vya maji vya umma vijae mitaani, dumu liuzwe kwa bei inayokaribiana na ya mwenye mita. Na kodi ya jengo ifate thamani ya nyumba. Kazi ya kuthamini majengo ni ngumu najua, inataka watu na hela, ila wangeanza hata na Masaki, Oysterbay na Mbezi Beach peke yake, nyumba zinajulikana na wenyewe wanajulikana, na yule wa Mbagala akaachwa kwanza.