Mbiu ya mgambo imenikuta Ujerumani

Swali la mama lilikuwa lile lile ambalo hata mimi ningeuliza.

"Wanakulipa kiasi gani?"

"Hawalipi, mama."

Akanyamaza kidogo. "Yaani unaamka saa tisa usiku, na hiyo baridi unayoilalamikia kila siku, unakwenda kuzima moto wa watu bure?"

Nikahangaika kumweleza. Kujitolea, huduma kwa jamii, nikaona naongea kama mtu wa semina. Mwisho nikasema, "Mama, ni msaragambo." Hapo hapo akaelewa. Kwetu Lushoto msaragambo hauhitaji tafsiri: barabara imekatika, bomba la maji limepasuka, darasa halina ukuta, basi kila kaya inatoa mtu na jembe lake. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Tofauti ni kwamba huku mbiu yenyewe ni kipeja, kifaa kidogo cha mwito kinachokaa kwenye mkanda wangu, kikilia hata maiti anaamka.

Ninaishi kwenye kijiji cha milima ya Odenwald, jimbo la Hessen. Nilihamia huku kwa kukimbia kodi za mjini, nikapata kazi kwenye karakana ya mbao. Kama wengi wenu, nilidhani nchi tajiri namna hii kila gari la zimamoto lina watu wa mshahara ndani yake. Kumbe la. Hapa Hessen ni miji inayozidi watu 100,000, kama Frankfurt na Darmstadt, ndiyo inayolazimika kuwa na kikosi cha kuajiriwa. Huku kwetu anayekuja kukuokoa ni fundi bomba, mwalimu, mfugaji wa ng'ombe na dada wa kaunta ya benki. Ujerumani nzima watu wa namna hii wanakaribia milioni moja. Na sheria ya jimbo haiwaonei huruma: kwa kawaida msaada uwe umeanza kutolewa ndani ya dakika 10 tangu kikosi kiitwe. Ndiyo maana suruali yangu ya kazi inalala imeshavishwa kwenye buti, unaingiza miguu na kuvuta juu.

Mwenzangu wa karakanani ndiye aliyenivuta. "Jumatatu saa moja na nusu jioni, njoo uone." Nikaenda na bahasha ya kaki. Mnaijua ile bahasha: vyeti vya shule, kibali cha ukaazi, cheti cha lugha, picha nne za pasipoti. Miaka yangu yote hapa Ujerumani sijawahi kuingia mlango wowote bila hiyo bahasha. Mkuu wa kikosi akaitazama, hakuifungua. Akaniuliza navaa kiatu namba ngapi.

Makaratasi yalikuja baadaye, msidhani hayakuja. Lakini alianza na kiatu.

Kilichonitesa kwanza si moto, ni adabu. Kikosini wote wanaitana kwa jina la kwanza, hakuna bwana wala bibi. Kuna mzee mmoja ana miaka 58, amezima moto tangu mimi sijazaliwa, nami nimwite kwa jina tupu kama nacheza naye gololi! Miezi mitatu nilikuwa nazunguka kila sentensi ili nisilazimike kumtaja.

Cha pili ni lugha. Ukiwa na cheti chako cha Kijerumani cha ngazi ya B2 unajiona umemaliza, mpaka mtu wa Odenwald afungue mdomo kwenye redio ya upepo. Kwenye zoezi langu la kwanza niliagizwa mipira ya maji "zwo". Nikasimama. Mbili darasani ni zwei, sasa hii zwo ni nini tena? Nikaleta mmoja, nikarudi kwenye gari kutazama kama kuna kifaa kinachoitwa hivyo. Ni mbili ile ile. Redioni wanaitamka hivyo ili zwei isisikike kama drei, ambayo ni tatu. Hadi leo wakiniona kwenye sherehe wananiuliza kama nitakunywa bia zwo.

Mafunzo ya mwanzo yana saa zisizopungua 70, nasi tuliyafanya jioni na wikendi. Mafundo ya kamba, ngazi, huduma ya kwanza. Tulifundishwa hata kusoma vibao. Vile vibao vyeupe vyenye mstari mwekundu na herufi H ukutani, ambavyo nilivipita miaka minne bila kujua vina kazi gani, vinaonyesha hidranti, yaani bomba la maji ya kuzimia moto, iko wapi. Imefukiwa chini ya barabara, na namba zinakwambia utoke kwenye kibao mita ngapi mbele, ngapi kulia au kushoto. Theluji ikifunika lami, unapima kwa hatua, unafukua, mfuniko huo hapo. Nilipenda jambo hilo kuliko magari yote.

Kisha kozi ya kifaa cha kupumulia. Daktari alinipandisha baiskeli nikiwa na nyaya kifuani, akapima mapafu na masikio, halafu akaninyooshea kidole kidevuni: ndevu zitoke, barakoa haishiki juu ya ndevu. Nilizifuga tangu chuo. Zikaenda.

Mtihani wenyewe unapanda ngazi isiyokwisha, inayozunguka kama mkanda wa mashine, halafu unaingizwa kwenye tundu la nyavu za chuma, giza totoro, joto, wamewasha sauti za watu wanaolia, nawe unatambaa na mtungi mgongoni unaokwama kila kona. Mtungi umejazwa hewa kwa shinikizo la baa 300. Kwenye tundu lile nilijifunza hesabu moja ya hewa: uliyotumia kwenda, weka mara mbili yake kwa ajili ya kurudi. Na hakuna kuingia peke yako. Mnaingia wawili, mnatoka wawili.

Mwito wangu wa kwanza wa kweli? Oili. Trekta limevuja kilomita nzima usiku wa manane, nasi tunamwaga unga wa kuinyonya na kufagia. Kufagia barabara Ulaya, nimevaa helmeti. Sikumsimulia mama hiyo.

Moto ulikuja Novemba, na wala haukuwa moto, ulikuwa moshi. Bibi mmoja anayeishi peke yake alikuwa nje na gauni la kulalia, majirani wamemfunika blanketi. Tukaingia wawili kwa magoti. Tochi niliiona kama ukungu wa njano, mkono wangu mwenyewe siuoni. Nilishika ukuta kwa mkono wa kulia, mwenzangu amenishika buti. Jikoni tukakuta sufuria ya viazi imekuwa mkaa, jiko bado linawaka. Tukazima, tukafunika, tukafungua dirisha. Hatukutumia tone la maji. Nilipotoka na kuvua barakoa yule bibi hakuuliza habari za mapazia wala dari. Aliuliza kama sufuria imepona, maana ilikuwa ya mama yake. Ilikuwa imepona, kwa kiasi fulani. Niliisugua mwenyewe kituoni kwa steelwire, asubuhi nikampelekea.

Wanaoniuliza kama njia hii inaleta ajira, niseme wazi. Kikosi cha kujitolea hakinipi mshahara. Mwito ukija saa za kazi mwajiri analazimika kuniachia na kunilipa siku yangu, naye halmashauri inamrudishia. Basi. Kuajiriwa kwenye zimamoto za mjini ni utumishi wa serikali, na kwa kawaida wanataka uraia wa Ujerumani au wa nchi ya Umoja wa Ulaya. Anayetaka mshahara bila kusubiri uraia aangalie upande wa ambulansi: kozi fupi ya saa 520, au ile kubwa ya miaka mitatu ambayo unalipwa ukiwa unasoma. Lugha tu iwe imekaa sawa, kwa sababu mgonjwa wa moyo hawezi kukusubiri utafute neno.

Juzi nikampigia mama kumweleza habari ya sufuria. Akacheka sana, akaniombea dua. Halafu akakohoa kidogo, nikajua kuna jambo.

"Mwanangu, Jumamosi iliyopita kulikuwa na msaragambo wa bomba la maji. Kaya yetu haikutoa mtu. Mwenyekiti amepita na daftari, faini elfu kumi."

Nikamtumia kwa simu, na ya kutolea.