Posho ya Kongamano

Jana asubuhi nilikuwa nimeketi barazani kwa mama, hapa Chuno mjini Mtwara, mbele yangu sahani ya ming'oko na kikombe cha chai, simu ilipolia na kunionyesha barua pepe kutoka ofisi ya fedha ya chuo ninachosomea Uingereza. Walikuwa wananijibu kuhusu madai niliyoyawasilisha wiki kumi na moja zilizopita, niliporejea kutoka kwenye kongamano la magonjwa ya mimea lililofanyika Uholanzi. Kati ya pauni 872 nilizotumia, wamekubali kunirudishia 694. Pauni 178 zilizobaki zimekataliwa kwa maelezo ya mstari mmoja: viza ni hati binafsi ya msafiri, na gharama zake, pamoja na safari ya kuifuatilia, hazibebwi na mfuko wa utafiti.

Mjomba wangu, ambaye alikuwa ameshuka kutoka Kitangari kuja kupimwa macho hospitali ya Ligula, aliniona nimekunja uso. Akauliza, "Vipi mpwa wangu, posho ya mkutano imeingia?"

Swali lake halikuwa la kejeli. Kwa mtu wa kwetu, semina ni kitu kinachomlipa anayehudhuria. Nauli inarudishwa, chai ya saa nne inakuja na sambusa, begi na daftari unapewa mlangoni, na jioni unatia saini kwenye karatasi na kupokea bahasha. Anayerudi nyumbani kutoka semina akiwa mikono mitupu hushukiwa kwamba alipitia mahali. Kwa hiyo tangu nilipomwambia mama mwezi Aprili kwamba nimealikwa kutoa mada Ulaya, ukoo mzima ulikuwa umeshaipangia matumizi bahasha yangu, na sikuwa na ujasiri wa kuwaambia kwamba bahasha yenyewe ilitoka mfukoni mwangu kwenda kwa waandaaji.

Jana nilimweleza mjomba kwa lugha anayoielewa. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hukabidhi mzigo wake ghalani, hupewa karatasi, na fedha humfikia baada ya mnada. Sisi wanafunzi wa uzamivu ni hivyohivyo, isipokuwa tunachokabidhi ni risiti, na fedha tunayoisubiri ilikuwa yetu tangu mwanzo. Nililipa ada ya ushiriki pauni 330, na hiyo ni bei ya mwanafunzi aliyewahi kujiandikisha mapema. Nikalipa ndege 118, malazi ya siku tatu 210, na kuchapisha bango la utafiti wangu pauni 36. Nikalipa viza na kituo kinachopokea maombi 102, bima ya safari 12, na treni ya kwenda London kuchukuliwa alama za vidole 64. Jumla yake inazidi nusu ya fedha yangu ya kujikimu ya mwezi mzima, na mwenye nyumba hajawahi kukubali risiti ya kongamano badala ya kodi. Na kama mkulima aliyebanwa na ada ya mtoto anavyojikuta ameuza korosho zake kwa kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya kutupa, mwanafunzi asiye na akiba naye ana kangomba yake, nayo ni kadi ya mkopo ya benki, ambayo riba yake hakuna ofisi itakayoirudisha.

Mjomba alisikiliza yote hayo, kisha akauliza, "Kwa hiyo ulilipa ili uende ukaongee wewe?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na wale waliokuwa wanakusikiliza?"

"Nao walilipa."

Akainua kikombe chake, akanywa, hakusema neno kwa muda.

Kinachoniuma si ukubwa wa zile pauni 178, ingawa kwa bei za mwanzo wa msimu wa 2024/25, kilo ya korosho ilipovuka shilingi 4,000 mnadani, zinakaribia magunia mawili. Kinachoniuma ni kwamba mwenzangu tunayekaa naye ofisi moja, Mwingereza, tulikwenda naye kongamano hilohilo, tukarudi ndege moja, tukajaza fomu moja, na yeye amerudishiwa kila senti. Hakuna aliyempendelea. Raia wa Uingereza huingia nchi za Schengen, Uholanzi ikiwemo, bila viza kwa ziara fupi, kwa hiyo kwenye fomu yake mstari wa viza ulibaki mtupu. Mimi ada yenyewe tu ni euro 90, kiwango kilichopandishwa Juni 2024, na kabla ya kuilipa nilitakiwa kuonyesha taarifa za benki za miezi mitatu, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, barua ya chuo, barua ya mwaliko, tiketi na mahali pa kulala. Kanuni ile ya ofisi ya fedha iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kuombwa taarifa ya benki ili akasimame mbele ya bango lake mwenyewe. Nilipokuwa kwenye foleni ya kituo cha viza, niliyakumbuka mafupa ya dinosaria wa Tendaguru, yaliyochimbwa hapa jirani zetu Lindi kati ya 1909 na 1913, yakabebwa vichwani mwa wapagazi hadi bandarini na kusafirishwa mpaka Berlin, ambako mjusi mkubwa kuliko wote amesimama hadi leo akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Yule aliingia Ulaya bila kuulizwa anarudi lini.

Hasira hiyo isiwafanye wadogo zangu mnaosoma hapa mkadhani makongamano hayana maana. Siku ya pili, saa ya mabango, mama mmoja mtafiti kutoka kaskazini-mashariki mwa Brazili, nchi ambayo mkorosho wenyewe ulitoka kabla Wareno hawajauleta pwani yetu, alisimama mbele ya bango langu kuhusu ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kwa dakika arobaini. Wengi walipita wakitazama picha na kuendelea na safari ya kutafuta kahawa. Yeye aliniuliza wakulima wa Newala wanapuliza salfa saa ngapi. Nilipomjibu kwamba wanaanza alfajiri, umande ukiwa bado upo na upepo umetulia, ili unga ushike kwenye maua, alicheka na kusema kwamba jedwali langu la tatu lilikuwa na kasoro, kwa sababu nilikuwa nimerekodi upepo wa saa nne asubuhi. Msimamizi wangu alikuwa ameliona jedwali hilo mara sita. Kisha tukazungumza kuhusu mabibo, yale matunda ya mkorosho, na nikamweleza kuhusu uraka, pombe yetu ya mabibo, naye akanieleza kuhusu juisi yao wanayoichuja hadi inakuwa angavu kama chai hafifu. Mwaka huu nimerudi Newala na Tandahimba kukusanya data upya, na kipima upepo changu kinaanza kazi saa kumi na moja alfajiri. Dakika arobaini zile zimeniokolea sura nzima ya tasnifu.

Bango lenyewe nililichapisha kwenye kitambaa, nalo ni shauri ninalowapa bure, kwa sababu bomba la kubebea bango la karatasi mashirika ya ndege ya bei rahisi hulihesabu kama mzigo wa pili. Kitambaa kinakunjwa na kuingia begini pamoja na nguo. Sasa kimetundikwa sebuleni kwa mama, na wageni wanasomewa jina la kisayansi la ubwiriunga kabla ya kukaribishwa chai.

Lakini kuna upande mwingine wa mambo haya ambao hauna ada, na ndio ambao wengi wetu tunaupuuza, mimi nikiwa wa kwanza. Mwaka 2002 Sir Gareth Roberts aliiandalia Serikali ya Uingereza ripoti kuhusu wanasayansi na wahandisi, na mojawapo ya mapendekezo yake lilikuwa kwamba kila mwanafunzi wa uzamivu apewe angalau wiki mbili kwa mwaka za mafunzo ya stadi nje ya utafiti wake. Tangu hapo vyuo vya kule vimejenga idara nzima kwa ajili ya kazi hiyo. Kuna warsha za kuandika makala, za takwimu, za kuomba fedha za utafiti, za kufundisha, na za kujiandaa kutetea tasnifu. Kuna hata vikao ambavyo watu hukaa chumba kimoja wakaandika kwa saa tatu bila kusemeshana. Mwaka wangu wa kwanza nilihudhuria warsha mbili tu. Nilizichukulia kama semina za nyumbani, na kwa kuwa hapakuwa na bahasha wala sambusa, akili yangu iliziweka kwenye fungu la mambo ya hiari. Wachina na Wahindi tulioanza nao walikuwa wanajaza kalenda nzima, na leo wao ndio wanaoandika maombi ya ruzuku yanayokubaliwa.

Kwa kutaka kufidia, mwaka wa pili niliingia shindano la kueleza tasnifu kwa dakika tatu, lililoanzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008 na ambalo sasa linafanyika sehemu nyingi duniani. Unaruhusiwa slaidi moja isiyo na mjongeo, hakuna kifaa cha kuonyesha, na ukizidisha dakika tatu umetolewa. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Ningeanza na uzalishaji wa korosho nchini ulivyoporomoka kutoka takribani tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 17,000 msimu wa 1986/87, niseme kwamba kuhamishiwa vijijini na bei mbaya vilichangia, kisha nimwingize ubwiriunga kama mwizi aliyekuta mlango umeshafunguliwa. Nilipopanda jukwaani, malezi yakanishinda. Nilimsalimu mkuu wa kitivo, nikawasalimu waamuzi mmoja mmoja, nikamshukuru msimamizi na waandaaji, nikawapa pole waliosafiri. Kengele ililia nikiwa na sentensi mbili mkononi. Itifaki ilizingatiwa, nami nikatolewa.

Nirudi kwenye fedha, maana ndizo zilizonifanya niandike. Ukipata barua ya kukubaliwa kusoma nje, usiishie kusoma mstari wa ada na wa posho ya kujikimu. Andika uulize ni kiasi gani kimetengwa kwa mwaka kwa ajili ya makongamano na mafunzo, kama kiasi hicho kinagharamia viza, na kama chuo kinaweza kulipa moja kwa moja badala ya kukurudishia baadaye. Uliza kabla hujasaini, kwa sababu baada ya kusaini utajibiwa kwa kanuni. Vilevile usitegemee sana msamaha wa ada ambao waandaaji hutangaza kwa washiriki kutoka nchi maskini. Mimi sikuhesabiwa kwa sababu chuo changu kiko Uingereza. Rafiki yangu aliyebaki nyumbani, anayesoma uzamili, aliomba msamaha wa kongamano hilohilo akajibiwa kwamba ni wa nchi za kipato cha chini peke yake, na Tanzania ilishatoka kwenye kundi hilo tarehe 1 Julai 2020, Benki ya Dunia ilipotuingiza kipato cha kati cha chini. Tuliposherehekea uchumi wa kati, hatukujua kwamba kuna milango itafungwa.

Kuna mtu mmoja ninayepaswa kumtaja kwa wema, bila jina. Ni katibu wa idara yetu, mama wa makamo ambaye kwa miaka miwili nilikuwa nikimsalimia na kupita. Niliporudi kutoka Uholanzi alinikuta nikipiga picha risiti moja moja, akauliza kwa nini sikutumia kadi ya idara. Kadi ipi? Kumbe idara ina kadi yake, na katibu huyo angeweza kulipa ada, ndege na hoteli tangu mwanzo, nami nisitoe hata senti kwa hayo matatu. Fomu ipo, ina ukurasa mmoja. Nilipomuuliza kwa nini hakuna aliyewahi kuniambia, alishangaa kwa dhati, akasema, "Hukuuliza." Sisi tumelelewa kwamba mtoto haombi fedha ya safari kabla mkubwa hajaitaja mwenyewe, kule mkubwa anakaa kimya akisubiri mtoto aombe. Nimekaa miaka miwili katikati ya kimya hicho, nikidhani nina adabu.

Mjomba alirudi Kitangari jana mchana. Jioni mama alinionyesha ujumbe kwenye simu yake: shilingi 50,000 kutoka kwa kaka yake, na maneno kwamba ni za kumsaidia mpwa wake na nauli ya mkutano mwingine, ila safari hii nisikubali kuongea bila kulipwa. Mzee huyu bado anadai malipo ya sehemu ya mzigo wake. Nilitaka kuzirudisha, mama akanikataza, akasema nikizirudisha nitamtukana kaka yake.

Usiku nilijaza ile fomu ya ukurasa mmoja kwa ajili ya kongamano la mwakani. Kwenye nafasi ya maelezo mengine nimeandika euro 90 za viza, ada ya kituo, na treni ya kwenda London, nikaambatanisha barua ya jana yenye kunikatalia, na kumwomba mkuu wa idara aeleze kwa maandishi ni mwanafunzi gani katika idara yake anayeweza kuwa na gharama hiyo na ni yupi hawezi. Katibu amenijibu leo asubuhi kwamba ameipeleka yeye mwenyewe mezani kwa mkuu wa idara. Dirisha la kujiandikisha kwa bei ya mapema linafungwa tarehe 30.