Jinsi nilivyozuia ukinzani kuporomoka kwenye polithini yenye masizi

Kipande kilikuwa chembamba kama kadi ya simu: polithini nzito iliyochanganywa na masizi ya kaboni. Nilitaka kibane umeme chenyewe kikipata joto. Kilifanya hivyo vizuri hadi karibu nyuzi 130: plastiki iliyeyuka, ikatanuka, chembe za kaboni zinazopitisha umeme zikaachana, ukinzani (kiasi ambacho kipande huzuia umeme kupita) ukapaa. Lakini nilipopandisha joto kidogo tu, namba kwenye mita zikaanza kuporomoka. Hiyo ni hatari kabisa, umeme kuanza kupita tena wakati kifaa tayari kinaungua.

Nikadhani ni viungo vya nyaya. Nikapaka upya rangi ya fedha inayopitisha umeme, wapi! Tatizo lilikuwa ndani: plastiki ikishayeyuka, chembe huelea na kukutana tena.

Dawa ikawa miale ya gama ya kobalti-60, madini yenye mionzi. Hufunga minyororo ya polima, yaani molekuli ndefu za plastiki, kwa vifungo vya kudumu, hivyo chembe hazitangitangi. Kwanza nilifunga vipande kwenye mfuko wa gesi ya naitrojeni, maana penye oksijeni miale huishia kukata minyororo badala ya kuiunganisha. Dozi ya mionzi ilikuwa kilogrei 150 (grei ni kipimo cha mionzi iliyofyonzwa).

Safari hii nilipita nyuzi 150, ukinzani ukabaki juu. Nikapoza na kupasha mara 20. Kila mara ulirudi karibu palepale.